Miti Yenye Wenyewe

Mama Feza alifariki siku ya Jumatano, na Ijumaa nilikuwa ndani ya gari nikishuka kutoka Bukavu. Kule Katogota dereva alisimama kununua nyanya, Luberizi tukangoja ng'ombe wamalize kuvuka barabara, na Sange abiria wote wakateremka kunyoosha miguu isipokuwa mimi. Nilibaki kwenye kiti na mfuko wangu mapajani. Ndani yake mlikuwa na kitenge cha msiba, vipande viwili vya sabuni, na daftari la jalada la kijani ambalo sikuwa nimelifungua kwa miaka minane. Nina tabia ya kujiuliza sababu ya kila ninachofanya, na masomo hayakuiponya, yaliizidisha tu. Lakini asubuhi ile nilivuta sanduku chini ya kitanda, nikalitoa daftari, nikalitia mfukoni bila kujiuliza lolote. Nilijua jambo moja: kulikuwa na neno ambalo nilipaswa kulisema mbele ya watu Mama Feza akiwa hai, ili wamwondolee lawama isiyokuwa yake. Sasa nilikuwa nakwenda kulisema akiwa ndani ya sanduku la maiti, kama ningepata ujasiri, na sikuwa na hakika kwamba ningeupata.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa mwisho wa masomo yangu Uvira. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimepanga chumba katika kiwanja cha Mama Feza, kule juu Kimanga, ambako nyumba zinaishia na mlima unaanza. Chumba kilikuwa na kitanda, meza iliyokuwa inayumba, na dirisha moja lililotazama mlimani, si ziwani, jambo ambalo mwanzoni lilinichukiza. Ukuta uliotenganisha chumba changu na jiko ulikuwa wa mbao, na kati ya ubao na ubao mlipita kila kitu: harufu ya visamaki vya ndagala vilivyokaushwa, moshi, na maneno. Asubuhi, mwanga ukiwa ndio kwanza unaingia, nilimsikia Mama Feza akichekecha unga wa muhogo, na pamoja na mlio wa chekeche alitaja majina. Jina, kisha mahali. Mama Riziki, chini ya jiwe la kwanza. Papa Kashindi, mkono wa kushoto baada ya maji. Mwalimu, ule uliogawanyika. Yalikuwa majina mengi, zaidi ya mia, na hakuruka hata moja. Wiki ya kwanza nilidhani anasali. Wiki ya pili nilidhani ana maradhi ya kichwa. Wiki ya tatu nikamuuliza, naye akacheka, akasema nipande naye Jumamosi nijionee mwenyewe.

Jumamosi njia ile ilijaa watu kuliko soko. Walipanda akina mama wa maombi na vitambaa vyao vyeupe, wanafunzi waliotaka kupigana picha na ziwa likiwa nyuma yao, vijana wa mpira waliokimbia hadi jiwe la kwanza na kurudi, na wachumba waliosema wanakwenda kusali na labda walisali. Sehemu ya chini ilikuwa na mikaratusi na mashamba ya muhogo yaliyoning'inia mteremkoni. Baadaye unavuka kijito juu ya magogo mawili, njia inageuka kwa ghafula, na unaingia msituni. Sikuwa nimejua kwamba Uvira bado ina msitu. Milima yote ya jirani ilikuwa imenyolewa kwa ajili ya makaa, lakini bonde lile lilibaki na miti ya asili, minene, mirefu, yenye ndevu za kuvu, na hewa ya ndani ilikuwa baridi hadi nikajuta kutochukua sweta. Walipofika pale watu walinyamaza. Kila mmoja akaacha njia, akaenda moja kwa moja kwenye mti fulani, akaugeuzia mgongo, akauegemea, akafumba macho. Hakuna aliyesita kuchagua. Walikwenda kama mtu anavyokwenda kwenye kitanda chake.

Desturi ilikuwa hii. Ulipanda ukiwa umefunga, bila kula wala kunywa, na hukugusa maji hadi umeshuka. Ukipanda Jumamosi saba bila kukosa, Mama Feza alikuonyesha mti, na tangu siku hiyo ulikuwa wako. Uliutunza, uliung'olea mimea inayonyonga, na hakuna mwingine aliyeuegemea hata kama wewe umesafiri. Ukifa, mti ulipumzika mwaka mzima kabla ya kupewa mwingine. Hakuna kilichoandikwa popote. Kazi hiyo ya kuonyesha miti Mama Feza aliipokea kwa mama mwingine aliyekwisha kufa, na yote ilikaa kichwani mwake. Ndiyo maana alirudia majina kila asubuhi juu ya chekeche.

Mimi nilipanda kwa ajili ya kucheka, na nilicheka. Nilimuuliza Mungu anahitaji mti wa nini. Akanijibu bila hasira, huku akifunga kitambaa chake upya: "Mungu hahitaji. Weye njo unahitaji pa kuegemea." Nilimuuliza kama wale walio na miti minene wanasikilizwa zaidi. Papa Kashindi, fundi wa kujenga aliyepanda na fimbo kwa sababu ya goti lake bovu, aligeuka akanitazama. Alikuwa amenipa jina la Lisansie tangu siku ya kwanza, ingawa shahada yenyewe nilikuwa sijaipata. "Lisansie," akasema, "leo umepanda na maswali mangapi? Mulima iko mukali. Mengine uyaache kwenye kijito, utayakuta ukirudi." Watu walicheka, nami nikacheka, na kutoka siku hiyo kila tulipofika kwenye magogo mawili mtu aliniuliza kama nimeshusha mzigo.

Nilizidi Jumamosi saba. Sikupanda kwa imani, ninasema hivyo bila kujisifu wala kuona haya. Nilipenda baridi ile, nilipenda jinsi ziwa linavyotokea mara moja unapofika juu, na Bujumbura ng'ambo kama vipande vya kioo, na mpunga wa bonde la Ruzizi ukiwa kijani upande wa kaskazini. Zaidi ya yote nilipenda chakula cha kufungua. Tuliposhuka, watu kama kumi hivi walibaki uani kwa Mama Feza, na wote tulizunguka sahani moja kubwa ya ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na ndagala, na kwa robo saa hakuna aliyesema neno, kisha wote walisema kwa pamoja. Pale nilisikia habari za ndoa, za wagonjwa, za nyumba. Mwaka ule habari za nyumba zilikuwa nyingi. Mito ilikuwa imefurika, na watu wa serikali walipita kandokando ya mto wakipaka misalaba myekundu kwenye kuta za nyumba zilizopaswa kubomolewa. Papa Kashindi alieleza jinsi alivyowasaidia watu kung'oa mabati, milango na hata matofali yao kabla mashine haijafika. Waliongoja, alisema, walipoteza hata misumari. Nakumbuka niliuliza kwa nini hawakwenda kwanza ofisini kuuliza maana ya ule msalaba. Walinitazama wote, na mama mmoja akaniongezea sombe.

Mwezi wa sita mwalimu aliyekuwa akiniongoza alinikatalia mada yangu ya tatu ya kazi ya mwisho, nami nikamwambia nitaandika juu ya msitu wa Kimanga: kwa nini bonde lile limebaki na miti wakati milima yote imebaki vipara. Alipenda. Mama Feza alipenda pia, kwa namna iliyonishangaza. Alisema yeye anazeeka, na majina yakipotea kichwani mwake yatakuwa wapi? Basi siku za katikati ya wiki, mlima ukiwa mtupu, tulipanda wawili. Mimi nilipima unene wa kila mti kwa kamba, yeye alitaja jina la mwenye mti, nami niliandika katika daftari la kijani. Mti wa mwisho upande wa juu ulikuwa mkubwa, mizizi yake ilikuwa imekumbatia jiwe kama mkono unavyoshika yai. Nilisubiri jina. Akaniambia, "Huu wako." Nikamwambia mama, mimi sihitaji mti, na hii ni kazi ya sayansi, siwezi kujiandika mwenyewe. Akasema umekwisha kupanda zaidi ya mara saba, haiko mimi nimeamua, ni miguu yako. Nikaandika namba mia moja na kumi na mbili, na mbele yake nikaandika: bila mwenyewe. Hakujua kusoma. Alitazama kalamu yangu ikitembea, akatabasamu.

Ili nisichanganye hesabu nilihitaji namba kwenye miti yenyewe. Jirani alikuwa amepaka mlango wa duka lake, akanipa rangi iliyobaki kwenye kopo. Ilikuwa nyekundu. Mama Feza alipoiona alisema watu wataiona vibaya. Minye sijasoma, akasema, lakini najua nyekundu inasema nini. Nilimjibu kwamba watu wana akili, namba si msalaba, na mti si nyumba. Hakubishana. Siku ile tulipaka miti yote, yeye akishika kopo. Kesho yake alipaswa kwenda Sange kumsaidia dada yake kuvuna mpunga, angekaa majuma mawili. Asubuhi, akiwa amekwisha kufunga mzigo wake, alisimama mlangoni pangu, akaniambia maneno ambayo bado nayasikia na mlio wake: "Jumamosi upande, uwaelezee vizuri, mtoto wangu. Wakiona nyekundu, haiko mutu wa kuuliza." Nikasema nitawaeleza. Niliahidi nikiwa nimelala chali na kitabu kifuani, na sikuinua kichwa.

Jumamosi ya kwanza mwalimu wangu alitaka sura ya pili, nikabaki chumbani kuandika. Nakumbuka niliiandika vizuri. Niliandika kwamba msitu umelindwa na hofu ya kidini, na kwamba hofu ikiondoka kwa sababu ya elimu itabidi serikali ichukue nafasi yake. Jumamosi ya pili sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, nikajiambia wiki moja zaidi haina neno. Hapo ndipo penye kosa langu. La kwanza ningeweza kulitetea.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba Jumamosi zote mbili waliona namba, wakasimama mbele ya miti yao, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwa maisha yao yote hawajaona rangi ya serikali ikifutwa na swali. Walishuka bila kusali. Walifanya kama walivyofanya na mabati. Kabla mkubwa hajaja kuchukua miti, afadhali kila mtu achukue wake. Kuanzia Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi ya pili nilisikia mashoka kutoka dirishani mwangu, nikadhani ni mikaratusi ya chini. Siku ya tatu nilipanda. Waliofundishwa kuuegemea mti mmoja waliukata huo mmoja. Hakuna aliyegusa wa jirani. Hata katika kuangamiza walishika desturi, kila mtu na wake. Nilimwona Papa Kashindi amekaa juu ya gogo lake, goti limenyooshwa, shoka chini. Aliniambia, "Lisansie, minye nimeuegemea miaka kumi na minane. Bora nipikie watoto nao kuliko kuuona umepakiwa kwenye lori." Nilifungua mdomo. Ningeweza kumwambia pale pale. Nusu ya miti ilikuwa bado imesimama. Niliona shoka, nikaona watu wengine wanatazama upande wetu, nikasema pole, papa. Nikashuka.

Mama Feza alirudi kutoka Sange na mfuko wa mchele mpya kichwani. Hakunijia. Walikuja wao kwake jioni ile ile, Papa Kashindi na watu wengine watano, wakakaa jikoni, na mimi nilikuwa upande wa pili wa mbao nikisikia hata pumzi zao. Waliuliza ni nani aliyeonyesha serikali miti. Walisema ni yeye peke yake aliyejua yote. Nilingoja anitaje, nilikuwa nimekwisha kusimama, nimeshika kitasa cha mlango. Akasema, "Siku ya rangi nilikuwepo. Kopo nililishika kwa mikono yangu." Hakusema zaidi. Wala halikuwa uongo. Mama mmoja alianza kulia, Papa Kashindi akasema basi tumejua, na viti vikasogezwa. Mkono wangu ulibaki kwenye kitasa hadi waliposhuka. Baadaye alinigongea, akanipa sahani ya wali wa mpunga mpya. Nilikula wote.

Asubuhi iliyofuata nilisikia chekeche, na sikusikia majina.

Niliishi mle miezi michache zaidi. Jumamosi hakuna aliyebaki uani kula. Mvua ya kwanza ilipokuja iliteremsha matope hadi jikoni, na tuliyazoa sisi wawili kwa masufuria. Nilidhani ataniambia sasa, nilitamani aniambie. Aliniuliza kama mtihani wangu uko karibu. Niliitetea kazi yangu mwezi wa kumi mbele ya walimu watatu, walinisifu kwa namba na michoro, na mmoja aliuliza hali ya msitu kwa sasa. Nikajibu kwamba unakabiliwa na shinikizo la makaa. Nikahamia Bukavu kabla ya Noeli. Kwa miaka minane nilimtumia salamu, dawa mara moja moja, kitenge kila mwaka mpya. Sikumtumia lile neno.

Msiba ulikuwa uani pale pale, chini ya turubai la buluu. Dada yake wa Sange aliketi karibu na sanduku. Papa Kashindi alikuwa amekuwa mzee, fimbo zimekuwa mbili. Mchungaji alipouliza kama yuko mwenye neno kabla ya kwenda makaburini, wawili walisimama wakamsifu kwa upole wake, na nilisikia nyuma yangu mwanamke akimnong'oneza mwenzake kwamba ndiye yule aliyeuza miti. Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndani ya gari, ilikuwa na utangulizi. Sikuikumbuka. Nilisema rangi ilikuwa yangu, namba zilikuwa zangu, serikali haikuwepo. Nilisema alinituma niwaeleze Jumamosi mbili na sikupanda, na kwamba jioni ya kikao nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilisema hakuuza hata tawi. Kisha nikabaki nimesimama. Dada wa Sange aliugeuza uso wake. Mtu akasema, miaka minane, bila kunitazama, kama anayesoma maandishi ukutani. Hakuna aliyelia na hakuna aliyenifukuza. Tulikwenda kuzika.

Tuliporudi, Papa Kashindi aliniuliza kama lile daftari bado liko. Nilishangaa kwamba alijua kuna daftari. Akasema sasa yule mama amekufa, na miti imechipua kwenye visiki, watu wanapanda tena, lakini kwa miaka hii yote hakutaja mti wa mtu yeyote, hata alipoombwa. "Alisema kichwa chake kimefunga. Vijana wetu wanaegemea hovyo. Minye mwenyewe sina hakika tena na kisiki changu, vimefanana vyote." Nilitoa daftari kutoka mfukoni. Hakulishika. Akasema kesho ni Jumamosi.

Tulipanda watu kama thelathini, tumefunga, yeye akiwa kati ya vijana wawili waliomshika kwapani. Kwenye magogo mawili hakuna aliyenitania, na niliumia kwamba hawakunitania. Ndani ya bonde jua lilikuwa linafika chini mahali ambapo zamani halikufika. Visiki vilikuwa vimetoa machipukizi marefu kuliko mimi, na hapa na pale ulisimama mti mzima, wa marehemu fulani, au wa mtu aliyekuwa safarini wiki ile ya mashoka. Wa Mama Feza ulisimama pia. Nilifungua daftari nikasoma. Jina, kisha mahali. Mama Riziki, chini ya jiwe la kwanza. Papa Kashindi, mkono wa kushoto baada ya maji. Mwalimu, ule uliogawanyika. Kila niliposoma, mtu mmoja alitoka kwenye kundi, au mtoto wa mtu, akaenda kwenye kisiki akaweka mkono. Nilisikia sauti yangu ikichukua mwendo wa chekeche, na sikujaribu kuuzuia. Sijaanza kuamini. Lakini sura ya pili ya kazi yangu ilikosea: haikuwa hofu.

Tukafika juu. Jiwe lilikuwa pale, na mti uliolikumbatia ulikuwa umesimama mzima, mnene kuliko nilivyoupima, rangi yangu imefifia hadi kuwa kama alama ya kutu kwenye gome. Mia moja na kumi na mbili. Nilidhani nimekosea mahali. Nikamuuliza Papa Kashindi kwa nini huu haukukatwa, mkubwa hivi, karibu na njia, nao hauna mtu.

"Una mutu," akasema. "Mama Feza alituambia kabla hajakwenda Sange. Siku zile tulipita hapa na mashoka, kijana mmoja akauliza, tukamwambia huu usiguse, mwenyewe iko masomoni."

Akanyoosha fimbo kuelekea daftari, akauliza nimeandika nini pale. Nilimsomea kama nilivyoandika: bila mwenyewe. Chini kabisa, kati ya machipukizi, ziwa lilikuwa linaonekana. Papa Kashindi alisubiri, kama fundi anavyosubiri mtu amalize kazi aliyoianza vibaya.

Nikauliza kama yupo mwenye kalamu.